Taa za Dagaa Kupitia Kioo cha Miwani

   

Leo tuzungumze juu ya miwani. Bei yake na fremu tuziachie wauzaji. Mimi nina hamu na yale mambo madogo ambayo kila mvaa miwani ameyaona akayanyamazia. Ule mstari wa mwanga unaochomoza kwenye taa ya bodaboda usiku. Zile rangi, buluu upande huu na nyekundu upande ule, zinazojitokeza ukitazama dirisha kwa pembeni ya kioo. Ile taa ya pili, hafifu, ya kijani, inayoelea hewani mahali pasipo na taa. Umeshaziona? Najua umeziona. Je, uliuliza ni nini? Wengi wetu hatuulizi. Tunapangusa kioo kwa khanga au kwa pindo la shati, tunaendelea na shughuli.

Naomba leo tuulize. Na swali letu ni moja tu, nitalirudia mara nyingi: hiki ninachokiona, kiko wapi? Kiko kule nje, kiko kwenye kioo, au kimo ndani ya jicho langu?

Swali hilo lina historia hapahapa kwetu Kigoma. Tarehe 13 Februari 1858, msafara uliotoka pwani mwaka uliotangulia ulipanda kilima cha mwisho kabla ya Ziwa Tanganyika. Wakuu wake walikuwa Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Pamoja nao alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Burton alifika pale juu akiwa mgonjwa, miguu imeishiwa nguvu kwa homa. Akatazama mbele, akaona ukanda mwembamba tu wa mwanga kule chini, nyuma ya miti. Akamuuliza Bombay kile ni nini. Bombay akamjibu kwamba kwa anavyoona yeye, yale ni maji. Burton alivunjika moyo. Miezi yote ile ya njaa na homa, kwa ajili ya kipande cha maji kama kile? Halafu akasogea hatua chache mbele, miti ikaacha kumziba, na ziwa likajifunua lote mpaka kwenye milima ya Kongo.

Na Speke je? Speke alikuwa kwenye kilima kilekile, akatazama upande uleule, na ziwa hakuliona. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa ugonjwa uliomwandama njiani. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alichokiona siku ile kilikuwa ukungu na mng'ao, basi.

Hebu wafikirieni watu hao watatu. Kizuizi cha Burton kilikuwa nje, kwenye miti na mahali aliposimama. Hatua chache zilitosha kukiondoa. Kizuizi cha Speke kilikuwa ndani ya jicho. Hata angetembea mpaka maji yamfike kiunoni, ule ukungu angekwenda nao. Na Bombay aliuona ukanda uleule aliouona Burton, ila yeye aliutambua. Kilima kimoja, ziwa moja, na kila mtu ana habari yake.

Miwani nayo imo katika kisa hiki. Mwaka huohuo wa 1858 macho ya Speke yalipata nafuu, akaelekea kaskazini, safari iliyomfikisha kwenye ziwa la Nyanza, karibu na hapo tunapopaita Mwanza, mwanzoni mwa Agosti. Jua bado lilikuwa likimuumiza, kwa hiyo alijaribu kuvaa miwani ya kijivu. Watu waliofuatana na msafara wakawa wanainama na kuchungulia chini ya ukingo wa kofia yake ili wayaone vizuri hayo macho yake maradufu. Ikawa kero. Akaivua, akaitia mfukoni, akafumba macho na kuacha punda wake avutwe. Speke aliwaona watu wale kuwa hawana adabu. Mimi nawaona kuwa ndio waliokuwa na akili ya kisayansi njiani pale. Waliona vioo viwili vinavyocheza na mwanga juu ya uso wa mtu, wakainama kuvichunguza. Sisi leo tunavaa vioo hivyohivyo kutwa nzima, na hatuinami hata mara moja kuvitazama.

Basi tuiname pamoja. Kioo cha miwani kinafanya kazi gani? Kazi yake ni kupinda mwanga. Mnaujua mkokoteni uliojaa magunia unaposhuka pale ufukweni Kibirizi kutoka njia ngumu kuingia mchangani. Ukiingia mshazari, gurudumu moja linazama mchangani kwanza na kupunguza mwendo, na lile jingine bado linakimbia kwenye njia ngumu. Mkokoteni unafanyaje? Unakata kona wenyewe. Mwanga nao, ukitoka hewani na kuingia kwenye kioo, unapunguza mwendo. Upande wake mmoja ukiingia kabla ya mwingine, unapinda. Kupinda huko ndiko kunakokusomesha gazeti. Ndiko pia kunakofanya kasia lionekane limevunjika pale linapoingia kwenye maji maangavu ya Tanganyika.

Ziko lenzi za namna mbili kubwa. Miwani ya kusomea, ile ambayo wengi wetu huanza kuihitaji tukishafika miaka 40 hivi, ina kioo kinene katikati na chembamba pembeni. Inaukusanya mwanga. Walimu wa fizikia huiita lenzi mbinuko. Miwani ya kuonea mbali, ile anayopewa mwanafunzi asiyeweza kusoma ubaoni, ni kinyume chake: nyembamba katikati, nene pembeni. Hiyo inautawanya mwanga, nayo ni lenzi mbonyeo.

Unataka kujua yako ni ipi bila kumuuliza mtu? Ivue. Ishike shubiri moja hivi mbele ya uso, utazame kupitia kioo kimoja kitu kilichosimama mbali, mchikichi au nguzo ya umeme. Sasa isogeze miwani kulia polepole. Mchikichi ukikimbilia kushoto, kinyume na mkono wako, hiyo inakusanya mwanga. Ukifuatana na mkono wako kulia, hiyo inautawanya. Na kama mchikichi umetulia tuli, basi kioo kile hakina nguvu yoyote, umeuziwa fremu. Mafundi wa miwani duniani kote walitumia njia hii miaka mingi, na hata leo ni ya kuaminika.

Njia ya pili ni kivuli. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe chini, shika miwani juu yake, jua lipite kwenye kioo. Miwani ya kusomea itatupa doa la mwanga katikati ya kivuli, na ukiinua miwani doa linazidi kusinyaa na kung'aa. Je, litakuwa dogo kabisa kwa umbali gani? Soma ile namba iliyobandikwa kwenye kioo siku ulipoinunua. Kama ni 2, gawanya mita moja kwa mbili: nusu mita. Kama ni 2 na nusu, ni sentimita 40. Ile namba iliyokuwa fumbo sokoni, jua la Kigoma linakusomea. Miwani ya kuonea mbali haitoi doa. Kivuli cha kioo chake kina giza katikati, na mwanga uliofukuzwa unajikusanya pembeni ukawa pete angavu. Sasa nasema kwa msisitizo, na watoto wasikie: jua halitazamwi kwa macho wala kwa miwani, hata mara moja. Tunatazama karatasi. Na hilo doa linachoma, kwa hiyo usiliache karibu na nyasi kavu.

Mwanga wa mchana umetupa hayo. Usiku ndipo utamu ulipo.

Nendeni ufukweni usiku usio na mbalamwezi. Mnajua kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu dagaa hawavutwi na taa mwanga ukiwa umejaa ziwa zima. Lakini giza likitanda, mitumbwi inatoka, na baada ya muda ziwa linakuwa na safu ya taa kutoka kushoto hadi kulia. Wewe mwenye miwani ya kuonea mbali, yenye nguvu nzuri, simama utazame taa moja kupitia katikati ya kioo. Ni nukta safi. Sasa usiondoe macho kwenye taa ile, ila geuza kichwa polepole kuelekea kulia, mpaka uwe unaitazama kwa pembeni kabisa ya kioo. Unaona nini? Nukta imevutika. Ncha moja ina buluu, ncha nyingine ina njano au wekundu. Geuza kichwa upande wa pili, rangi zinabadilishana pande.

Sababu yake ni kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, na kioo hakizipindi zote sawa. Buluu hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo. Katikati ya kioo tofauti hiyo haionekani, lakini pembeni kioo kinapinda mwanga kwa nguvu, na rangi zinaachana. Plastiki nyingine zinaachanisha rangi zaidi ya nyingine. Zile lenzi ngumu zisizovunjika kwa urahisi zina tabia hiyo kuliko plastiki ya kawaida. Kwa hiyo ukipewa miwani mipya ukaona rangi pembeni ambazo hukuwa ukiziona kwenye ile ya zamani, usiseme macho yameharibika. Ni rangi za kioo.

Na hapa ziwa letu lina darasa ambalo siyo kila mji unalo. Zamani taa zote za dagaa zilikuwa karabai. Siku hizi taa nyeupe za betri na za sola zimeingia kwa wingi. Kwa macho matupu, kutoka Bangwe, taa nyeupe ni taa nyeupe. Lakini kwa pembeni ya miwani yenye nguvu, zinatofautiana. Karabai hutoa mwanga wa rangi zote zinazofuatana bila pengo, kwa hiyo inavutika ikawa mkia mmoja ulioungana. Ile taa mpya imetengenezwa vingine: ndani yake kuna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, na juu yake kuna unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano. Buluu na njano zikifika pamoja machoni, tunaona nyeupe. Pembeni ya kioo zinaachana, na utaona nukta ya buluu imekaa peke yake kando ya doa la njano. Namna ya kutengeneza mwanga huo wa buluu iliwasumbua wataalamu kwa miongo. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Mvuvi wa Katonga anavulia dagaa kazi yao, na mtu aliyekaa ufukweni na miwani yake anaweza kuichambua rangi kwa rangi. Mkitaka kuhakikisha, tafuteni taa nyekundu ya juu ya mnara wa simu. Hiyo, itazame kwa pembeni utakavyo, itabaki nyekundu, maana haina rangi nyingine ya kuachana nayo.

Sasa ile michirizi. Mtu ananiambia: mwanangu, mimi nikitazama taa usiku naona mstari mrefu umesimama juu na chini ya taa, macho yangu yamekwisha. Namwambia mzee wangu, subiri kwanza. Umekula nini? Sisi ni watu wa mawese. Vidole vimegusa mgebuka wa kukaanga, vikagusa kioo, na kioo kikapanguswa kwa kitambaa kutoka kulia kwenda kushoto. Mafuta hayakutoka. Yamejipanga kuwa mistari myembamba iliyolala, na kila mstari unautupa mwanga wa taa kwa kuukata, juu na chini. Ndiyo maana mistari iliyolala inazaa mchirizi uliosimama. Mnaweza kulijaribu hili leo. Gusa mafuta kidogo, pitisha kidole mara moja kwenye kioo kutoka juu kwenda chini, tazama taa: mchirizi utalala kushoto na kulia. 

Halafu fanya jambo la muhimu kuliko yote niliyosema mpaka sasa. Vua miwani, ishike mbele ya jicho, uizungushe polepole. Mchirizi ukizunguka pamoja na miwani, uko kwenye kioo. Ukibaki palepale, miwani haina kosa, tafuta kwenye jicho. Narudia. Zungusha miwani. Kinachozunguka nayo ni cha kioo. Kinachobaki ni cha jicho au ni cha huko nje.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kupangusa, tafadhali sana, kioo kikavu chenye vumbi kisisuguliwe kwa khanga. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na lenzi nyingi siku hizi ni za plastiki. Kila ukisugua unachora mikwaruzo, na mikwaruzo inafanya michirizi kama mafuta, tofauti ni kwamba haioshwi. Maji kwanza, na tone la sabuni, ndipo kitambaa laini.

Ile taa ya kijani inayoelea nayo ni rahisi. Kioo cha kawaida kinarudisha kiasi cha asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wake, na lenzi ina nyuso mbili, ya mbele na ya nyuma. Mwanga unadunda kati ya nyuso hizo, au kati ya kioo na jicho lako, na kuzaa taa ya uongo. Ukigeuza kichwa, taa ya kweli inatulia na ile ya uongo inatembea. Miwani mingi hupakwa tabaka jembamba la kupunguza mwanga huo unaodunda, na mabaki kidogo yanayoponyoka huwa ya kijani au ya zambarau. Basi, hilo limekwisha.

Tuje kwenye miwani ya jua, maana hapa watu wanadanganywa. Pale sokoni kijana atakwambia hii ni ya kukata mng'ao wa maji. Ni kweli ipo miwani ya namna hiyo, na kwa mtu wa ziwani ni msaada mkubwa. Mwanga husafiri ukitikisika, na kwa kawaida unatikisika pande zote. Ukidunda juu ya maji, sehemu kubwa inayokurudia inatikisika kwa mlalo. Miwani hiyo imeundwa ikatae mtikisiko wa mlalo, ipokee wa wima. Mng'ao unakufa, na kilichoko chini ya maji kinajitokeza: mawe, na wale samaki wadogo wa rangi ambao Tanganyika inao wa aina zaidi ya 200 wasiopatikana ziwa jingine lolote duniani. 

Utaijuaje ya kweli? Ivae, simama kwenye mawe, tazama maji mbele yako kwa mshazari, halafu laza kichwa begani. Kama ni ya kweli, mng'ao utarudi pale pale, na samaki watapotea. Inua kichwa, wanarudi. Kama umelaza kichwa na hakuna kilichobadilika, umenunua plastiki nyeusi. Ukiwa sokoni mbali na maji, chukua miwani miwili ya aina ile, weka kioo kimoja juu ya kingine, geuza kimoja mpaka kisimame wima. Ya kweli itaziba mwanga karibu wote. Mfaransa Étienne-Louis Malus aligundua tabia hii ya mwanga uliodunda mwaka 1808 huko Paris. Alikuwa akitazama kupitia kipande cha jiwe angavu madirisha ya jumba la Luxembourg yaliyokuwa yakimulikwa na jua la jioni. Akaligeuza lile jiwe, na taswira moja ikafifia. Hakuwa na kifaa cha maana zaidi ya udadisi wa kugeuza kitu mkononi. Na jambo moja zaidi: weusi wa kioo pekee haulindi macho dhidi ya miale ya urujuanimno. Kioo cheusi kisicho na kinga kinaifanya mboni ipanuke na kuipokea miale hiyo zaidi. Ulizeni kinga, msiulize weusi.

Sasa nina zawadi kwa wale wasio na miwani kabisa, na ambao hawajui kama wanaihitaji. Chukua kipande cha karatasi nzito, boksi la dawa linafaa. Litoboe kwa sindano, tundu moja dogo. Funika jicho moja, na kwa jingine tazama kupitia tundu hilo yale maandishi usiyoweza kuyasoma, ya mbali au ya karibu. Yamekuwa safi? Kama yamekuwa safi, kuna matumaini makubwa kwamba miwani itakusaidia. Kama yamebaki na ukungu uleule, basi tatizo huenda liko mahali pengine ndani ya jicho, na hapo miwani ya sokoni haitoshi. Madaktari wa macho hutumia kipimo hichohicho, tofauti ni kwamba chao ni kizuri zaidi ya boksi.

Kwa nini tundu lifanye kazi ya lenzi? Kwa sababu linapitisha mwanga kidogo ulionyooka tu, na ule unaokuja kwa mshazari na kuvuruga taswira unazuiwa. Nendeni Ujiji kwenye ukumbusho wa Livingstone na Stanley, pale walipokutana mwaka 1871, mkae chini ya miembe. Tazameni ardhini. Mwanga unapita kwenye mianya ya majani, na mianya ile ina kila sura, yenye pembe na isiyo na pembe. Lakini madoa ya mwanga chini ni ya mviringo. Mbona ya mviringo? Kwa sababu kila doa ni picha ya jua. Mnakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, watu wakakusanyika Rujewa kule Mbeya, na sisi huku tukaliona limemegwa? Waliotazama chini ya miti siku ile waliona kila doa limemegwa vilevile. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Cairo, aliandika kitabu kizima kidogo juu ya umbo la jua lililopatwa likipita katika tundu. Ni yeye pia aliyethibitisha kwa hoja kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu kuja machoni, wakati wengi kabla yake waliamini jicho ndilo linalotoa miale. Na hoja zake zilitokana na majaribio: chumba chenye giza, tundu, na taa.

Wasikilizaji, muda wangu unayoyoma na sijasema la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandae mazungumzo haya.

Pumulia kioo cha miwani yako usiku, kipate ukungu wa pumzi, uvae haraka utazame taa. Utaona pete za rangi zimeizunguka, wekundu ukiwa kwa nje. Ni nzuri, na zinatoweka ukungu ukikauka. Vitone vidogo vya maji ndivyo vinavyozichora. Hizo ni pete za kioo.

Lakini wako watu wanaoona pete za rangi kwenye taa wakati kioo ni kikavu, na wakivua miwani pete bado ziko. Hizo zimo jichoni. Zikija pamoja na jicho kuuma sana, jicho jekundu, kichwa kugonga na kutapika, inaweza kuwa presha ya macho iliyopanda ghafla, na hiyo haingoji kesho. Ni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kuua mshipa wa kuona kwa muda mfupi, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Na kama ni ukungu usioisha ambao umekuja taratibu, taa za magari zinakutawanyikia, rangi zimefifia, huenda ni mtoto wa jicho. Huyo ana dawa, na dawa yake ni upasuaji mdogo: lenzi ya jicho iliyochakaa inatolewa, inawekwa mpya ya plastiki.

Kinachoniumiza ni hiki. Bibi zetu wanakaa ndani na ukungu wa Speke machoni, wanasema ni uzee, na mjukuu anawapangusia miwani kila asubuhi akidhani tatizo ni uchafu. Kwa hiyo leo jioni kaa na bibi au babu yako karibu na taa. Muulize anaona nini. Mvulie miwani, umuulize tena. Izungushe mbele ya jicho lake, umuulize mara ya tatu. Funika jicho moja, kisha jingine, maana macho mawili huficha siri: lililo zima hulibeba lililo gonjwa na mtu asijue. Kama kinachomsumbua hakizunguki na miwani na hakiondoki ikivuliwa, mpeleke kitengo cha macho, iwe ni hospitali ya mkoa pale Maweni au iliyo karibu nanyi. Mwende na miwani yake, na umweleze daktari yote mliyoyaona, kwa mpangilio mlivyoyaona.

Kabla sijamaliza, nimepokea pia swali lenu kuhusu miwani ya sehemu mbili, ile yenye mstari katikati, kwamba mbona ngazi za gatini zinaruka mtu anaposhuka botini. Zinaruka kwa sababu macho yanavuka kutoka kioo cha mbali kuingia kioo cha kusomea. Ukishuka, inamisha kichwa chote ili utazame ngazi kwa sehemu ya juu ya kioo. Ngazi itatulia, nawe utakanyaga mahali penyewe.